Mashini ya fimbo ya Papa fundi wa Katuba: anza na ile yenye inakosea

Kama uko mwalimu ya matematiki ao ya fizike hapa Lubumbashi na unatafuta ma-modeli ya kuonesha batoto namna pointi inatembea wakati fimbo zinazunguka, acha kwanza zile za plastiki zenye zinatoka mbali na zinavunjika mbele hata haujazitoa mu karto, enda Katuba. Kuko papa moja kule, ajusteri ya zamani, alitumikaka mu atelye ya mugodi mpaka retrete, na sasa anatengeneza mu lupango yake mashini ndogo ndogo ya mbao na letoni. Haina moteri, haina pile, haiombe kuran. Ni fimbo, viungo, manivele, na tundu ya kuingiza kreyo, basi. Mi nilinunua tano, nimezitumikisha mu klase ya 5 na ya 6 sekonderi, na nitasema yote yenye nimeona, muzuri na mubaya. Sitasema sawasawa juu ya zote tano, juu kuko moja yenye ningelipa mara mbili bila kunungunika, na kuko moja yenye iko tu ya kupamba kabati.

Kwa mwenye hana wakati ya kusoma yote: nunua kwanza ile ya Watt (modeli zinabeba majina ya watu wenye balizivumbua), ile ya bei ya chini, yenye mustari yake ya kunyooka inakosea. Ile ya Peaucellier yenye inachora mustari ya kweli, inunue kisha. Ukianza na Peaucellier batoto bataangalia kreyo inapanda, inashuka, bataona mustari, na batakuambia "ndiyo prof, ni mustari, na kisha?" Na utakosa jibu, juu kwao mustari ni kitu ya late, mutu anachukua late anachora, shida iko wapi?

Shida iko hii. Late yenyewe nani aliinyoosha? Duara ni rahisi, unapiga musumari, unafunga kamba, unazunguka, duara imetoka, na haukuhitaji duara ingine ya kuanzia. Mustari ya kunyooka haina vile. Kila mara unataka kuichora unatafuta kwanza kitu yenye ilishakuwa yenye kunyooka. Donk kuulizo ni: kwa fimbo zenye zinazunguka tu, zenye kila moja inajua duara peke, unaweza kutosha mustari? Watu ya akili bamehangaika na hii kitu miaka na miaka, na haikuwa kwa kucheza, ilikuwa juu ya mashini ya mvuke.

Sasa modeli ya Watt. Ni planshe ya triplex, juu yake fimbo mbili ya mulombwa ya sentimita 20, moja imefungwa kushoto kwa juu, ingine kuume kwa chini, na katikati fimbo fupi ya sentimita 10 yenye inaziunganisha. Kreyo inaingia katikati kabisa ya ile fimbo fupi. Unasukuma na kidole, kreyo inashuka. Weka late pembeni: mu sentimita 10 ya katikati, yaani 5 juu na 5 chini, hautaona kosa hata ukifunga jicho moja, juu kosa yenyewe ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita na unene ya kreyo inaifunika. Fika sentimita 8 toka katikati, kreyo imeshatoka pembeni milimita 1 na kidogo. Endelea kusukuma, inapinda kabisa, inazunguka, inarudia, na mwishoni karatasi iko na namba 8 ndefu yenye kujinyoosha. Batoto banacheka. Kisha moja anauliza "mbona ilikuwa inaenda muzuri?" na pale njo somo inaanza, haukuhitaji hata kuandika kitu ku tablo.

James Watt alipata patente ya hii kitu mu 1784. Mbele yake mashini ya mvuke ilikuwa inavuta tu, mnyororo ilitosha kushika pistoni na ile gogo kubwa ya juu yenye inayumba kama mizani. Wakati alifanya mvuke isukume pande zote mbili, mnyororo haikufaa tena, juu mnyororo inavuta lakini haijue kusukuma. Ikahitajika fimbo yenye kukaza, na ku ncha ya gogo kuko duara, ku pistoni kuko mustari, namna gani kuviunganisha bila kupindisha tiji ya pistoni? Hii njo jibu yake. Mu 1808, akiwa muzee, alimuandikia mutoto yake kama hii kitu inamupa fahari kupita kitu ingine yote ya mekanike alishatengeneza. Na mustari yake haikuwa mustari! Ilikuwa karibu tu, karibu ya kutosha juu ya pistoni. Ukiwaambia banafunzi hii, kisha wakaone namba 8 ku karatasi yao beye wenyewe, hautahitaji kuwashawishi kama "karibu" na "kamili" ni vitu viwili.

Bei ya Watt: dola 12. Kosa yenye niliona: fasi ya kreyo. Papa alikata tube ya biki akaibandika mu tundu, na kreyo ya kawaida inachezacheza mule ndani, mustari inatoka kama iko mbili. Nikazungusha elastiki chini ya kreyo, ikakaza. Hii kosa iko ku ma-modeli yote yenye inachora, na nilimwambia, akasema nyingine zitakuwa na visi ya kubana pembeni. Tutaona.

Peaucellier sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Toka 1784 mpaka 1864, miaka 80 kamili, karibu kila mutu alikuwa anatosha mustari ya karibu. Chebyshev, Mrusi, bingwa ya hesabu, alitengeneza yake yenye kukosea kidogo sana, na kuko wakati watu bengi balianza kuamini kama ya kamili haiwezekane. Kisha afisa moja ya jeshi ya Ufaransa, Charles-Nicolas Peaucellier, akaitangaza mu 1864, na mu 1871 Lipkin, mwanafunzi ya Chebyshev, akaipata naye bila kujua ya ule mwingine. Fimbo 7. Hakuna kosa hata moja mu hesabu yake, si ya milimita, si ya chini ya milimita.

Yenye Papa ametengeneza iko hivi: fimbo mbili ndefu ya sentimita 20 zinatoka ku musumari moja, tuiite O. Ku ncha yao kuko losanje ya fimbo 4 ya sentimita 8. Fimbo ya 7, nayo ya sentimita 8, inatoka ku musumari ingine C yenye iko sentimita 8 toka O, na inashika kona ya losanje ya karibu na O. Kreyo iko ku kona ya mbali. Unashika ile fimbo ya 7 unaizungusha, kona ya karibu inatembea mu duara, na kona ya mbali inashuka wimaaa, karibu sentimita 30 ya mustari mu karatasi. Hesabu inasema inaweza hata kufika 37, lakini ku mwisho losanje inajifunga na fimbo zinagongana.

Somo yenye nilifanya: nilisimamisha mashini fasi mbalimbali, batoto banapima na late toka O mpaka kona ya karibu, na toka O mpaka kona ya mbali, banazidisha. Wakipata 14, ingine inakuwa 24. Wakipata 16, ingine inakuwa 21. Hesabu: 14 mara 24 ni 336, 16 mara 21 ni 336. Toto moja alizungusha kidogo akapata 15 na 22,4, akapiga kalkilatris, 336, akaangalia mwenzake. 336 inatoka wapi? 20 mara 20 kutosha 8 mara 8. Pitagora mara mbili tu, mutoto ya 5 anaifanya peke yake mu kaye. Na toka pale unafika ku invershoni ya duara (kila pointi inabadilishwa na ingine, na umbali yao mbili toka O zikizidishwa zinabaki namba moja), yenye mu kitabu inakuwaka ukurasa mukavu wenye hakuna mutu anapenda, hapa iko mu mikono.

Kitu yenye ilinishangaza kabisa, na sikuiomba: Papa alitoboa tundu tatu ya C, si moja. Moja ku 8, moja ku 7, moja ku 9. Nikadhani alikosea akatoboa tena. Kumbe ukihamisha musumari ya C mpaka 9, mustari inaacha kuwa mustari, inakuwa kipande ya duara kubwa sana, radius yake karibu mita 1 na sentimita 58, tumbo inaangalia upande ya O. Ukiweka ku 7, inapinda upande ingine, radius karibu mita 1 na sentimita 79. Duara yenye senta yake iko inje ya meza, pengine inje ya mulango, na unaichora na kimashini yenye inaingia mu mufuko ya unga! Tafuta kompa ya mita moja na nusu kama utaipata mu mji. Na batoto banaona na macho yao kama mustari ni duara yenye radius imekwenda mbali mpaka haina mwisho, maneno yenye nilikuwa nasemaka kila mwaka na hakuna mwenye alinisadiki.

Nilimuuliza Papa namna gani anapata fimbo za urefu kamili kwa mukono, juu perseze yake ni ya zamani na late yake ni ya chuma yenye namba zimefutika nusu.

"Papa, kama fimbo haifike 20 kamili?"

"Prof, ipite 20, isifike 20, haina neno. Zote mbili ziwe mapacha, basi."

Na iko na haki, kwa hesabu hata. Peaucellier haikuombe 20, inakuomba zile mbili ndefu zilingane, zile nne zilingane, na ile ya 7 ilingane na umbali ya O na C. Donk yeye anafunga fimbo nne pamoja mu eto, anapitisha meshi mara moja mu zote, zinatoka na tundu moja. Akikosea, zinakosea zote sawa, na mashini haijue kama kuko kosa. Nimepima fimbo za losanje yangu, ziko sentimita 8 na nusu ya milimita hivi, donk 336 yangu kwa kweli iko 335 na kitu, hakuna mutoto ataona na late.

Viungo: ekse ya letoni, rondeli kila upande, na ndani ya tundu ya mbao amepiga kipande ya tiyo ya kwivre ya frigo zenye zimekufa. Ile kitu njo inafanya mashini itembee bila kukwama. Angalia pia namna amepanga fimbo kwa etaji, ndefu ziko juu, losanje katikati, ile ya 7 inapita chini, juu ku kona ya karibu fimbo tatu zinakutana ku ekse moja na kama hauzipange zinagongana. Kwa wenzangu ya fizike: muwaambie batoto bahesabu uhuru ya mashini, yaani ni namna ngapi inaweza kutembea: hesabu vipande, tosha kipande moja, zidisha na 3, kisha tosha viungo mara 2. Vipande ni 8, fimbo 7 na planshe. Batahesabu ekse, bataona 6, batapata uhuru 9, na mashini iko mbele yao inatembea na kidole moja! Pale njo banagundua kama ekse yenye inashika vipande vitatu (planshe nayo ni kipande) ni viungo viwili. Viungo ni 10, 21 kutosha 20, moja.

Kuko historia Sylvester, Mwingereza wa hesabu, aliacha, mwenye alifanya hii mashini ijulikane London mu 1874: alionesha modeli ya mbao kwa William Thomson, bingwa ya fizike mwenye kisha balimuita Lord Kelvin, akaikumbatia kama mutoto yake, na wakati balitaka kumutosha mu mikono akakataa, akasema hajaishiba, ni kitu ya muzuri kupita yote alishaona mu maisha yake. Mi nilikuwa naona ni maneno ya watu ya zamani wanapenda kutia chumvi. Kisha nikaona direkteri yetu, mwenye hajawahi kusema neno moja muzuri juu ya materiali yoyote, amekaa nayo mu biro na mulango imefungwa.

Dola 30. Kwa ile kazi, ni bei ya chini, na nilimwambia Papa vile mbele ya kulipa, wenzangu mutanisamehe kama imepanda.

Ya tatu ni ya Sarrus, dola 15, nitapita mbio. Ni vipande viwili ya planshe, moja chini, moja juu, vimeunganishwa na mikunjo miwili ya mbao yenye pomeli ndogo za kabati, moja inakunjika upande ya kaskazini, ingine upande ya mangaribi. Unanyanyua planshe ya juu, inapanda wima bila kupinda na bila kuzunguka. Mustari kamili! Na Sarrus, Mufaransa, aliitangaza mu 1853, miaka 11 mbele ya Peaucellier, na hakuna mutu aliiangalia, watu balikuwa banatafuta ku karatasi, mashini ya bapa, yeye alitokea juu. Modeli inafanya kazi, pomeli zinalia kidogo, tia mafuta. Mu klase inachukua dakika chache, kisha batoto banaanza kuweka vitabu juu yake. Inafaa, lakini haina haraka.

Ya ine, fimbo ine zenye tundu nyingi, nayo dola 15, hii ni ya kila mwalimu, hata ya primeri. Unachagua urefu kwa kuhamisha ekse. Kanuni ni ya Grashof, enjenyeri Mjerumani: chukua fupi kupita zote na ndefu kupita zote, ongeza, kama haipite jumla ya zile mbili zenye zinabaki, ile fupi inaweza kuzunguka mzunguko muzima. Weka 10, 25, 20 na 22: 35 haipite 42, inazunguka. Weka 15, 30, 18 na 20: 45 inapita 38, inakwama, inaenda na kurudia tu. Kisha tuma batoto bakaangalie telere yoyote ku baraza ya avenue yao, mwenye anashona na mashini ya miguu. Pedali inapanda na kushuka, haizunguke, lakini gurudumu inazunguka. Hesabu fimbo: pedali, tiji ndefu yenye inapanda, mukono mufupi ku gurudumu, na chuma ya mashini yenyewe yenye haitembee. Ine. Waulize tena kwa nini telere anagusa gurudumu na mukono wakati anaanza. Kuko fasi mbili zenye tiji na mukono mufupi zinalala mu mustari moja, na pale mguu unaweza kusukuma mpaka kesho, gurudumu haijue iende wapi. Ku modeli ya Papa unasikia ile fasi na kidole, inakazaaa kisha inaachilia. Ku telefoni hautasikia.

Na juu ya telefoni, juu najua kuko mwenye atasema GeoGebra, programe ya kuchora jiometri ku telefoni, ni bure. Ni kweli, ni bure na mi naitumikisha, naitayarishia masomo nayo usiku. Lakini mashini ya ekra haina uzito, haikwame, ekse yake hailegee, na mutoto anaangalia kidole ya mwalimu inatembeza kitu. Banafunzi 50 na telefoni moja yenye kioo imepasuka, hapana. Kisha kuran ikikatika siku mbili na bateri imekufa, Peaucellier iko tu ku kabati inangoja.

Ya mwisho, mguu ya Theo Jansen. Dola 45, ya bei ya juu kupita zote, na hii njo ya kabati. Jansen ni Muholanzi, toka 1990 anatengeneza manyama makubwa ya tiyo ya plastiki yenye inatembea ku bichi na upepo peke, na mguu yake iko na urefu zenye anaitaka namba takatifu, alizipata na ordinateri: manivele 15, zingine 38, 41,5, 39,3, 61,9 na kuendelea. Papa amezitengeneza kwa milimita 2 kila moja, donk manivele ni milimita 30. Ni ya muzuri sana kuangalia, siwezi kukataa. Unazungusha, ncha ya chini inakokota udongo bapa, kisha inajinyanyua mbio, inarudia mbele, inakanyaga tena. Batoto banalia "prof, inatembea!"

Lakini haitembee. Mguu moja haiwezi kutembea, inahitaji mingi yenye kupishana, na Papa anauzisha moja yenye imefungwa ku planshe. Tena hapa ile akili yake ya mapacha haimusaidie, juu namba za Jansen karibu zote ziko mbalimbali, hakuna za kutoboa pamoja, kila fimbo inataka urefu yake kamili, na 41,5 mara mbili ni 83, ndiyo, lakini 39,3 mara mbili ni 78,6, na ile sita ya mwisho haitoke ku mukono ya mutu mwenye late yake imefutika. Yangu ncha ya mguu haichore bapa, inachora kilima kidogo katikati. Mutoto hataona, mi naona. Na ukitaka kueleza kwa nini zile namba, hakuna jibu ya tablo, ni ordinateri ilijaribu nyingi ikachagua. Kwa mashini yenye nataka mutoto apige hesabu na kaye yake, hii inanyamazisha klase kisha inaniacha pale. Inunue kama shule yako iko na siku ya porte uverte na wazazi banakuja.

Sasa serivise. Papa anatengeneza muzuri na anachelewa. Akikuambia juma moja, usipange somo juu ya ile juma. Hatumie mutu ujumbe kusema imechelewa, unafika unamukuta anakunywa munkoyo yake kimya kimya na fimbo zako ziko mu eto. Lakini hadai yote mbele, unatoa nusu, nusu ingine wakati unachukua, cash ao kwa telefoni. Hakuna fakture mpaka uiombe, na ukiiomba anaiandika kwa mukono muzuri kupita wa sekretere yetu. Hakuna karatasi ya maelezo hata moja, hakuna jina ya mashini ku planshe, donk mwenzako akiikuta ku kabati hatajua ni nini, itabidi uandike mwenyewe. Chini ya planshe ncha za ekse zilikuwa zimetokeza, zikachuna meza ya klase. Mwambie azipige limi ao abandike kauchu. Verni: alitia nyingi, na ya Watt ilifika bado inashika vidole.

Mvua nayo. Zangu zilitobolewa wakati ya baridi, mu mwezi ya 7, mbao ikiwa kavu kabisa. Mvua ilivyoanza mwezi ya 11, ile ya fimbo ine, yenye haina tiyo ya kwivre mu tundu, ilikazana mpaka manivele ikakataa. Peaucellier yenye iko na kwivre haikusikia kitu. Urefu ya fimbo haikubadilika, nimepima, juu mbao inavimba ku upana kuliko ku urefu, ni viungo tu njo vinabana. Donk sema toka mwanzo: kwivre ku viungo vyote, hata ku zile za dola 12. Anaongeza dola 2 hivi na usibishane.

Kwa wenye bako Likasi ao Kolwezi, anapakia mu mufuko ya mahindi na magazeti ndani, anaituma na bisi, transporti ni yako. Omba atoshe fimbo ya 7 ku Peaucellier mbele ya kupakia, ile njo inatokezaka na inagongwa.

Kama ningeanza upya na dola 60: Watt, fimbo ine, Peaucellier, na falanga yenye inabaki kwivre ya viungo. Sarrus mwaka yenye inakuja. Kuko pia pantografe ya kukubwisha michoro, Scheiner, Mjerumani, aliifanya toka 1603, sikuinunua, lakini mwalimu ya desen ya shule yetu anaililia.

Nimeshamuachia Papa mchoro ya ingine, ya Hart, ya 1874, yenye inafanya kazi ya Peaucellier na fimbo chache, ine zenye kupishana kwa msalaba mu fasi ya zile sita. Aliangalia karatasi muda, akageuza juu chini, akauliza tu kama fimbo za msalaba zinapita juu ao chini. Nikamwambia moja juu, moja chini. Akasema nirudie mwisho wa mwezi, bila kusema mwezi gani.